Ahmed Aboutaleb, kutoka baraza la mawaziri hadi umeya wa Rotterdam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila jina la Ahmed Aboutaleb linapotajwa, maswali huwa yale yale: alitoka wapi, alipandaje, na mbona aliuacha unaibu waziri akaenda kuongoza jiji. Baadhi ya majibu hapa chini ni marefu kwa sababu serikali za mitaa za Uholanzi haziendeshwi kama zetu, na asiyejua zinavyoendeshwa hawezi kuelewa kwa nini mtu huyu alifanya alivyofanya.

Aboutaleb ni nani?

Ni mwanasiasa wa Uholanzi kutoka PvdA, chama cha wafanyakazi cha mrengo wa kushoto wa wastani. Alikuwa meya wa Rotterdam kuanzia Januari 2009 hadi Oktoba 2024. Kabla ya hapo alikuwa naibu waziri katika serikali kuu mjini Den Haag, na kabla ya hapo alikuwa kwenye serikali ya jiji la Amsterdam. Alizaliwa tarehe 29 Agosti 1961 huko Beni Sidel, katika milima ya Rif karibu na Nador, kaskazini mwa Morocco. Baba yake alikuwa imamu wa kijiji. Alikuwa Mwislamu wa kwanza, na mhamiaji wa kwanza wa kizazi chake, kukabidhiwa umeya wa jiji kubwa la Uholanzi.

Alifikaje Uholanzi, na alianzia wapi?

Baba alitangulia kwenda kutafuta kazi, kama walivyofanya wanaume wengi wa Rif miaka ya 1960 na 1970, wakati viwanda vya Ulaya vilipokuwa vinatafuta vibarua. Mwaka 1976 mama na watoto wakamfuata. Ahmed alikuwa na miaka 15 na hakujua Kiholanzi. Alipitia shule za ufundi ngazi kwa ngazi, kuanzia ile ya chini kabisa ambayo watoto wa wahamiaji walipelekwa bila kuulizwa sana, hadi akahitimu chuo cha ufundi katika fani ya mawasiliano ya simu.

Lakini hakwenda kufunga mitambo. Aliingia kwenye uandishi wa habari, akafanya kazi redioni na kwenye televisheni: Veronica, NOS na RTL. Kutoka hapo akawa msemaji katika wizara iliyoshughulikia ustawi wa jamii, afya na utamaduni, na mwaka 1998 akawa mkurugenzi wa Forum, taasisi iliyoshughulikia masuala ya jamii yenye tamaduni nyingi. Baadaye akaajiriwa na jiji la Amsterdam kama mkurugenzi wa idara.

Ukiitazama orodha hiyo unaona kwamba aliijua serikali kwanza kama mtumishi, na aliijua hadhara kwanza kama mtangazaji. Wapinzani wake mara nyingi walilalamika kwamba anaongea vizuri mno mbele ya kamera. Ni kweli, ilikuwa kazi yake.

Amsterdam alikuwa na cheo gani?

Januari 2004 aliitwa kuziba nafasi ya Rob Oudkerk aliyejiuzulu, akawa wethouder. Hao ni watu wanaounda serikali ya jiji pamoja na meya. Kila mmoja ana wizara yake ndogo, na huteuliwa na baraza la madiwani baada ya vyama kukubaliana kuunda muungano. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2002, wethouder hawezi kuwa diwani kwa wakati mmoja: akiteuliwa, anakiacha kiti cha udiwani, na anaweza hata kuletwa kutoka nje ya baraza. Ndivyo alivyoingia Aboutaleb, akitokea ofisini.

Alipewa elimu, vijana na huduma za jamii. Wakati wenyewe ulikuwa mgumu. Mwezi huo huo wa Januari 2004 ilianza kutumika sheria mpya ya misaada kwa wasio na kipato, iliyozipa halmashauri bajeti yake na kuziambia: mkibakiza, chenu, mkipungukiwa, jazeni wenyewe. Kwa hiyo kila mtu aliyetolewa kwenye msaada na kupata ajira alionekana moja kwa moja kwenye hesabu za jiji. Aboutaleb alikuwa mkali hapo, na mkali pia kwa wazazi wenye watoto watoro shuleni, wakiwemo wazazi wa Kimorocco waliodhani mwenzao atawafumbia macho.

Kwa nini hotuba yake ya msikitini mwaka 2004 bado inakumbukwa?

Tarehe 2 Novemba 2004, mtengenezaji wa filamu Theo van Gogh aliuawa asubuhi barabarani mjini Amsterdam. Muuaji alikuwa kijana mwenye asili ya Morocco aliyezaliwa na kukulia jijini humo. Siku zilizofuata nchi ilichafuka. Misikiti, shule za Kiislamu na makanisa vilishambuliwa, na baadhi kutiwa moto.

Meya wa Amsterdam wakati huo alikuwa Job Cohen, Myahudi. Aboutaleb alikuwa Mwislamu pekee mwenye jina katika serikali yake. Alikwenda msikiti wa Alkabir na kuwaambia waumini, kwa ufupi, kwamba asiyekubali misingi ya jamii iliyo huru na wazi hana mahali ndani yake, na ni heri afungashe. Waliokuwa nje ya msikiti walimpigia makofi. Ndani, wengi waliona wamewekwa kwenye kapu moja na muuaji. Alipata vitisho na akaanza kutembea na walinzi.

Ninavyoona, siku ile ndiyo iliyomtengeneza kisiasa, kwa faida na kwa hasara. Tangu hapo Waholanzi wengi wazungu walimwona kama mtu anayesema wasiyoweza kuyasema wao, na sehemu ya Wamorocco wa Uholanzi walimwona kama mtu anayesema wanayotaka kusikia wengine.

Alipofika serikali kuu alifanya nini?

Tarehe 22 Februari 2007 aliapishwa kuwa naibu waziri wa Mambo ya Jamii na Ajira katika serikali ya nne ya Jan Peter Balkenende. Waziri wake alikuwa Piet Hein Donner wa chama cha Kikristo cha CDA. Uholanzi naibu waziri si kivuli cha waziri. Ana eneo lake la kazi, anajibu mwenyewe bungeni, na bunge likimpigia kura ya kutokuwa na imani anaondoka yeye peke yake.

Eneo lake lilikuwa misaada ya jamii, umaskini na watu waliozama kwenye madeni. Kwa maneno mengine, alikabidhiwa kusimamia kutoka juu sheria ile ile aliyokuwa akiitekeleza Amsterdam. Wengi waliodhani atakuwa nyota wa serikali walivunjika moyo. Kazi ilikuwa ya kanuni, vifungu na mabishano na wizara ya fedha, na kipaji chake cha kusimama mbele ya umati hakikuwa na pa kutumika.

Je, ni kweli kuna waliotaka aondolewe kwa sababu ya pasipoti yake?

Ndiyo. Serikali mpya ilipojitokeza bungeni mwaka 2007, chama cha PVV cha Geert Wilders kilileta hoja ya kutokuwa na imani dhidi yake na dhidi ya Nebahat Albayrak, naibu waziri wa sheria aliyezaliwa Uturuki, kwa kuwa wote wawili walikuwa na uraia wa nchi mbili. Hoja ilishindwa vibaya.

Jambo ambalo mara nyingi halielezwi ni kwamba Morocco kivitendo haiwaachii raia wake uraia. Mtoto wa Mmorocco anayezaliwa Rotterdam leo ni Mmorocco pia, atake asitake. Kumtaka Aboutaleb aurudishe uraia ilikuwa kumtaka afanye kitu ambacho serikali ya Rabat haikubali kukipokea.

Kwa nini aliacha unaibu waziri?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki linaeleweka: kwetu, anayetoka baraza la mawaziri kwenda umeya huonekana ameshushwa. Uholanzi si hivyo.

Naibu waziri anaishi kwa kudra ya muungano. Serikali ikianguka leo, kesho anafungasha, na serikali ile ya Balkenende kweli ilianguka Februari 2010. Meya ana miaka sita mkononi, na akiongezewa ana mingine sita. Naibu waziri anagawana mamlaka na waziri, na baraza la mawaziri, na wabunge 150. Meya wa Rotterdam, usiku wa vurugu, anaweza kufunga mtaa kwa saini yake. Isitoshe, serikalini alikuwa mmoja wa watu karibu thelathini. Rotterdam angekuwa peke yake.

Oktoba 2008 baraza la madiwani la Rotterdam lilipendekeza jina lake. Desemba akaacha wizara, nafasi yake ikachukuliwa na Jetta Klijnsma, ambaye naye alitolewa kwenye serikali ya jiji, la Den Haag. Tarehe 5 Januari 2009 Aboutaleb akaanza kazi mpya.

Alichaguliwa na wananchi?

Hapana. Hakuna meya Uholanzi anayepigiwa kura na wananchi.

Basi meya anapatikanaje?

Nafasi ikiwa wazi, madiwani huandika sifa za meya wanayemtaka. Wenye nia huomba kazi kwa barua, kwa Kamishna wa Mfalme wa mkoa husika. Kamati ya siri ya madiwani huwasaili waliopita mchujo. Kisha baraza zima, milango ikiwa imefungwa, hupendekeza majina mawili kwa mpangilio, na waziri wa Mambo ya Ndani kwa kawaida huchukua la kwanza. Uteuzi hutoka kwa amri ya kifalme. Wakati ule alikuwa Malkia Beatrix. Siri hiyo si ya mzaha: kuvujisha majina ya waombaji ni kosa la jinai.

Kwa Mtanzania, fikiria mkuu wa wilaya ambaye madiwani wenyewe ndio waliomsaili na kumpendekeza, kisha akawa mwenyekiti wa vikao vyao, akiongoza mjadala bila kuwa na kura. Katika kamati tendaji ya jiji, pamoja na wale wethouder, kura anayo.

Hawajawahi kujaribu kuwaachia wananchi wachague?

Walijaribu, na kisa chenyewe kinachekesha kidogo. Waziri Thom de Graaf wa chama cha D66 alisukuma mabadiliko ya katiba ili meya achaguliwe moja kwa moja. Machi 2005 hoja ilikwama katika seneti, kwa kiasi kikubwa kwa upinzani wa maseneta wa PvdA wakiongozwa na Ed van Thijn, ambaye aliwahi kuwa meya wa Amsterdam. De Graaf akajiuzulu. Miaka miwili baadaye akawa meya wa Nijmegen, kwa kuteuliwa.

Kukawa pia na njia ya kati, ambapo baraza liliweza kuwapa wananchi majina mawili wapige kura ya ushauri. Utrecht walifanya hivyo Oktoba 2007. Wagombea wote wawili walitoka chama kimoja, PvdA, na waliojitokeza hawakufika asilimia 10. Utaratibu ukafutwa mwaka uliofuata. Mwaka 2018 kifungu cha uteuzi wa meya kiliondolewa kwenye katiba, hivyo sasa sheria ya kawaida inatosha kuubadilisha. Hadi leo haujabadilishwa.

Rotterdam walimpokeaje?

Kwa baridi. Kumbuka hili ni jiji la mwanasiasa Pim Fortuyn. Machi 2002 chama chake cha Leefbaar Rotterdam, kikiwa kichanga, kilinyakua viti 17 kati ya 45 na kuiondoa PvdA iliyokuwa imetawala tangu vita kuu ya pili kwisha. Wiki chache baadaye, tarehe 6 Mei, Fortuyn akauawa kwa risasi. Hoja kuu za chama hicho zilikuwa usalama na uhamiaji. Sasa baraza la jiji hilo hilo linaleta meya mzaliwa wa Morocco, mwenye pasipoti mbili, na kibaya zaidi kwa baadhi ya watu, anayetokea Amsterdam. Mshabiki wa Feyenoord, timu ya mpira ya Rotterdam, anaweza kusamehe mengi, lakini si kila kitu.

Leefbaar walimtaka aachane na uraia wa Morocco. Hakuachana nao. Alichofanya ni kushika hoja yao ya usalama na kuifanya yake, na polepole upinzani dhidi ya mtu ukageuka kuwa upinzani wa kawaida dhidi ya maamuzi. Mfano mmoja unatosha. Mwaka 2011 jiji na serikali kuu walikubaliana mpango wa miaka ishirini wa kuinua kusini mwa Rotterdam, ng'ambo ya mto Maas, eneo maskini kuliko mengine. Aliyepewa kuuendesha ni Marco Pastors, aliyekuwa kiongozi wa Leefbaar na mpinzani wa Aboutaleb kwenye baraza.

Jambo jingine linaonyesha uzito wa umeya usio wa kura. Mwaka 2010 PvdA na Leefbaar zilipata viti 14 kila moja, na kura zikabidi zihesabiwe upya. Mwaka 2018 PvdA ilibaki na viti 5. Kitaifa ilianguka kutoka viti 38 mwaka 2012 hadi 9 mwaka 2017. Chama kiliyeyuka chini yake, yeye akabaki, akaongezewa kipindi cha pili na cha tatu na madiwani ambao wengi wao hawakuwa wa chama chake.

Meya wa Uholanzi ana mamlaka gani hasa?

Barabara, nyumba, shule na bajeti ni za wethouder. Kodi nyingi ni za serikali kuu. Ya meya ni amani na utulivu. Hukutana mara kwa mara na mkuu wa waendesha mashtaka na mkuu wa polisi. Watatu hao huitwa pembetatu. Hadi 2012 mameya wa miji mikubwa walikuwa pia wasimamizi wa jeshi la polisi la eneo lao. Kuanzia 2013 polisi wakaunganishwa kuwa jeshi moja la taifa, lakini amri ya namna ya kulitumia kutuliza ghasia ilibaki kwa meya.

Anaweza kutangaza eneo fulani kuwa la hatari ili polisi wampekue yeyote apitaye, kufunga nyumba iliyokutwa na dawa za kulevya, kumzuia mtu asiingie mtaa fulani, na kutoa amri ya dharura. Meya wa Rotterdam ni pia mwenyekiti wa kanda ya usalama ya Rotterdam-Rijnmond, moja kati ya 25 nchini, inayoshughulikia moto, mafuriko na ajali za viwanda. Korona ilipoingia mwaka 2020, kanuni za watu kukusanyika zilitolewa kwanza na wenyeviti hao 25.

Nini kilitokea usiku wa Machi 2017 na waziri wa Uturuki?

Hapa ndipo mamlaka hayo yalipoonekana yote kwa pamoja. Serikali ya Uturuki ilikuwa inafanya kampeni ya kura ya maoni ya katiba miongoni mwa Waturuki wa Ulaya, na Rotterdam ina makumi ya maelfu yao. Jumamosi tarehe 11 Machi 2017, siku nne kabla ya uchaguzi mkuu wa Uholanzi, serikali ya Mark Rutte iliinyima ndege ya waziri wa mambo ya nje wa Uturuki, Mevlüt Çavuşoğlu, ruhusa ya kutua. Jioni ikajulikana kwamba waziri wa familia, Fatma Betül Sayan Kaya, anakuja kwa gari kutoka Ujerumani.

Aboutaleb alisema baadaye kwamba balozi mdogo wa Uturuki jijini alimdanganya kuhusu ujio huo. Alisaini amri ya dharura. Msafara ulizuiwa mita chache kutoka ubalozi mdogo, waziri akakaa ndani ya gari kwa saa kadhaa, umati ukakusanyika na bendera. Kwa kuwa ilihofiwa walinzi wa msafara wana silaha, kilipelekwa kikosi maalumu cha polisi, na Aboutaleb akaeleza hadharani kwamba kilikuwa na ruhusa ya kufyatua risasi ikilazimu. Usiku wa manane waziri alisindikizwa hadi mpakani mwa Ujerumani. Umati ulitawanywa kwa farasi, mbwa na maji ya presha.

Uamuzi wa kisiasa ulikuwa wa Den Haag. Lakini aliyesimama kuutolea maelezo usiku ule, akiwa amechoka na amekasirika, alikuwa meya. Kwa muda wa saa chache mgogoro wa mataifa mawili ya NATO uliendeshwa kutoka ukumbi wa jiji.

Ni yeye aliyewaambia wenye msimamo mkali waondoke?

Ndiyo. Baada ya shambulio dhidi ya gazeti la Charlie Hebdo mjini Paris, Januari 2015, alihojiwa kwenye televisheni na kusema kwamba Mwislamu asiyeupenda uhuru wa nchi hii kiasi cha kutovumilia wachoraji wa vibonzo, basi afungashe na aondoke. Neno la Kiholanzi alilotumia halikuwa la adabu. Video ilizunguka dunia, na Boris Johnson, wakati huo meya wa London, akamwandikia sifa kemkem.

Wanaomsifu kwa hilo huwa hawakumbuki kwamba ni mtu huyo huyo aliyewahi kusema kila Mwislamu ni Salafi kidogo, yeye akiwemo, akimaanisha kwamba kila muumini hujaribu kufuata mfano wa Mtume. Siku hiyo waliopiga kelele ni wale waliokuwa wakimshangilia. Ni mswalihina, mpenzi mkubwa wa mashairi ya Kiarabu, na hajawahi kuyaficha.

Alilaumiwa kwa lipi?

Kwa mengi, na baadhi ni mazito. Agosti 2009, miezi michache baada ya kuanza kazi, tamasha la ufukweni huko Hoek van Holland, lililo ndani ya mipaka ya Rotterdam, liligeuka vita kati ya wahuni wa mpira na polisi waliokuwa wachache mno. Polisi walifyatua risasi, kijana mmoja akafa. Uchunguzi ulionyesha maandalizi yalikuwa mabovu. Mkuu wa polisi aliondoka, meya alibaki.

Novemba 2016 watu wapatao 200 waliokuwa wanapinga Zwarte Piet, yule mhusika wa sikukuu ya Sinterklaas anayejipaka uso mweusi, walikamatwa Rotterdam kwa kukiuka marufuku ya kuandamana. Kwa Waafrika na watu wa Surinam na Antili wanaoishi pale, hili halikusahaulika. Miaka minne baadaye, Juni 2020, aliyavunja kabla ya wakati maandamano ya kupinga ubaguzi chini ya daraja la Erasmus kwa sababu ya msongamano wakati wa korona. Kila uamuzi una sababu yake kwenye karatasi. Hata hivyo mtu aliyekuwa akitegemewa kuwaelewa waandamanaji hao alionekana mara mbili akiwa upande wa pili wa kizuizi, na mimi sidhani alipata kulieleza vizuri.

Tarehe 19 Novemba 2021 maandamano ya kupinga masharti ya korona katika barabara ya Coolsingel yaligeuka ghasia na magari ya polisi yakachomwa. Polisi walitumia risasi za moto na watu wakajeruhiwa. Aboutaleb aliwatetea polisi bila kusita.

Na kuna nyumba. Ubomoaji wa nyumba za kupanga za bei nafuu katika mtaa wa Tweebosbuurt, kusini mwa jiji, ulikosolewa mwaka 2021 hata na wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa. Nyumba hazikuwa wizara yake. Lakini serikali ya jiji ilikuwa yake.

Bandari na dawa za kulevya zinamhusu vipi meya?

Rotterdam ni bandari kubwa kuliko zote Ulaya. Parachichi la Kenya na Tanzania linaloliwa Ujerumani mara nyingi limepitia pale kwenye kontena la baridi, na kwenye makontena ya baridi yanayotoka Amerika ya Kusini hujificha kokeini. Makumi ya tani hukamatwa kwa mwaka. Vijana wa mitaani hulipwa kuruka uzio na kuutoa mzigo. Tangu 2022 kukutwa bandarini bila ruhusa ni kosa la jinai kwa hilo tu.

Forodha na mashtaka ni kazi ya taifa. Kinachomfikia meya ni mlipuko wa usiku mlangoni mwa mtu anayedaiwa, au mwa jirani aliyekosewa anwani. Miaka ya mwisho ya Aboutaleb ilijaa amri za kufunga nyumba na maduka yaliyolipuliwa, na safari za Den Haag kudai askari na fedha zaidi.

Je, umeya wa Rotterdam ni ngazi ya kupandia uwaziri?

Kwa waliomtangulia ilikuwa hivyo, na haikuwaishia vizuri. Bram Peper alitoka umeya mwaka 1998 akawa waziri wa Mambo ya Ndani. Mwaka 2000 akajiuzulu kwa kelele za matumizi yake enzi za umeya. Ivo Opstelten, aliyempisha Aboutaleb, akawa waziri wa Usalama na Sheria mwaka 2010. Machi 2015 akajiuzulu kwa kulipatia bunge taarifa zisizo sahihi kuhusu makubaliano ya zamani na mfanyabiashara wa dawa za kulevya. Aboutaleb alipita barabara hiyo hiyo kwa kurudi nyuma, kutoka wizarani kwenda jijini, na alikaa karibu miaka 16.

Hakuwahi kutaka kuwa waziri mkuu?

Alitajwa kila PvdA ilipokuwa inatafuta kiongozi. Kila mara alisema ana kazi Rotterdam.

Alipata tuzo yoyote?

Mwaka 2021 alitunukiwa Tuzo ya Meya wa Dunia pamoja na Philippe Rio, meya wa Grigny, mji mdogo na maskini nje ya Paris.

Aliondokaje, na nani alichukua nafasi yake?

Januari 2024 alitangaza kwamba hatamaliza kipindi cha tatu na ataondoka mwaka huo huo. Hakukuwa na kashfa wala kura ya kumng'oa. Utaratibu wa barua, usaili na kikao cha siri ukaanza upya, na baraza likamchagua Carola Schouten wa ChristenUnie, chama kidogo cha Kiprotestanti ambacho Rotterdam hakina nguvu kubwa. Schouten, aliyekulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, alikuwa waziri wa Kilimo na naibu waziri mkuu kuanzia 2017, kisha waziri aliyeshughulikia umaskini na pensheni. Aliapishwa Oktoba 2024, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho. Naye alitoka baraza la mawaziri.